Kaka wa Mtaa Mzima

Nimeshasema mara ngapi kwamba mambo ya nyumbani hayaandikwi. Lakini Shukriya, mjukuu wangu, kanishika kanga hataki kuniachia: "Bibi, andika vipi Baba alimpata Mama." Nikamwambia kamuulize babako, ulimi anao. Akasema Baba akianza kusimulia hucheka, hafiki mwisho. Basi mimi ndio wa kufika mwisho. Mkono huu umeshika mwiko maisha yote, kalamu umekuja kuijua ukubwani, kwenye darasa la wanawake hapa Ibra, na herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Atakayechoka kuzisoma aache. Mimi sikumwita.

Tulirudi Omani mwaka wa sabini na moja, mimi na mume wangu Marhun, Mungu amrehemu. Nasema tulirudi kwa desturi tu, maana mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, na Omani nilikuwa sijaiona hata kwa ndoto. Tulishuka Matrah, tukapandishwa lori pamoja na masanduku yetu na kuku wa watu, tukatikiswa mpaka Ibra, mtaa wa Sufala, alikozaliwa babu yake Marhun. Nyumba ya udongo, mlango mzito kama dhambi, umeme hakuna. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikafagia.

Mle lorini tulikuwa na mwanamke mmoja jina lake Salma. Mumewe, Mahrous, kafa Unguja, naye ana mimba ya kumsumbua hata kukaa. Akienda kwao mumewe, Sur, mtaa wa Aija, ajifungue kwa shemeji yake. Hakufika. Uchungu ulimshika Ibra, akajifungua nyumbani kwangu, mtoto wa kiume. Akamwona, akampakata, akamwita Nadhir, na arobaini haijesha homa ikamchukua.

Marhun akapeleka habari Sur. Shemeji mtu, Harub, akaja mwenyewe. Mtu mwema. Akamfunua mtoto uso, akamtazama, akamfunika tena.

"Bi Mahfoudha," akasema, "kwangu watoto wanalala kama dagaa kwenye mkeka. Wewe huna. Mtoto mlee wewe, jina libaki la babake."

Ndivyo dini inavyotaka. Mtoto wa kulea humbadilishi jina ukamtia la mumeo. Nadhir alikuwa bin Mahrous siku ile, na ni bin Mahrous leo. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Nasema hivyo na naendelea, maana watu wakifika hapo hunitazama kwa huruma, na huruma mimi siipendi.

Sasa lisikilizeni jambo la maziwa, bila hilo hamtafahamu kitu. Mtoto wa kiume wa kulea akishabaleghe, mwanamke aliyemlea huwa si maharimu wake. Hata kama kamfuta kamasi miaka yote, itabidi ajifunike mbele yake kama mbele ya muuza samaki. Isipokuwa mtoto yule awe kanyonyeshwa na mtu wa damu ya huyo mwanamke. Akinyonya kwa ndugu yangu, ndugu yangu ni mama yake, mimi ni mama yake mkubwa, na watoto wa ndugu yangu ni ndugu zake, hawaoani mpaka kiama. Na kwetu sisi Maibadhi hakuna kuhesabu. Hata funda moja linatosha.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu, naye jina lake Shukriya, ndiye ambaye mjukuu wangu karithi jina lake. Kaolewa Nizwa, na wakati ule ana mtoto mchanga. Nikamwambia Marhun atafute gari.

"Mpaka Nizwa, njia yote ile ya mawe, kwa funda moja la maziwa?"

"Unataka niishi na mwanangu nimejitia buibui ndani ya nyumba yangu?"

Gari likapatikana. Shukriya akamnyonyesha barazani kwake Nizwa, mbele ya mamamkwe wake awe shahidi, na mimi nikakaa pembeni kifua mbele, utadhani niliyezaa ni mimi.

Lakini Nizwa si mahali pa kukimbilia kila mtoto akilia. Maziwa ya kopo yakimwendesha tumbo. Hapo ndipo mimi, binti wa Malindi, niliyefunzwa kwamba hata chumvi haiombwi, nilipotoka na mtoto begani nikabisha hodi kwa jirani. Tumbo la mtoto halijui fahari ya mtu. Na wanawake wa Sufala, Mungu awape pepo, hapana aliyesema la. Kiarabu changu siku zile kilikuwa kinachechemea, Kiswahili wao hawakijui, lakini niliponyoosha mikono na mtoto ndani yake hapakuhitajika mkalimani. Asubuhi kwa huyu, adhuhuri kwa yule, magharibi kwa mwengine. Mwisho yakawa mashindano. Mwanamke akipitwa hununa: "Leo kwangu hajaletwa, kwani maziwa yangu machungu?"

Nyumba moja tu sikubisha hodi.

Nayo ni nyumba ya Umkulthum, mke wa Hamed, pale mtaa unapopinda. Naye katoka Afrika kama sisi, ila yeye wa bara, Tabora, na Kiswahili chake kimenyooka kama fimbo ya kuchungia. Kwa haki tungekuwa mashoga, wawili tunaofahamiana katika mtaa wa watu tusiowaelewa. Haikuwa, na sababu ni mfereji.

Mfereji wa Ibra, wenyewe wanauita falaj, unapita katikati ya mtaa na una adabu zake. Juu huchotwa maji ya kunywa. Chini yake watu huoga. Chini kabisa huoshwa vyombo. Mimi mgeni wa siku mbili, nimebeba sufuria yangu, nikaitumbukiza pale nilipoona maji yanameremeta. Umkulthum akapaza sauti mbele ya wanawake wote, kwa Kiarabu kwanza ili wafahamu wao, kisha kwa Kiswahili ili nifahamu mimi:

"Huyu wa Unguja katuoshea sufuria ndani ya vinywa vyetu."

Wakacheka mpaka mmoja kakaa chini. Sufuria ilikuwa safi. Nasema tena ilikuwa safi, ina punje mbili za wali. Nikasimama nayo inachuruzika maji, nikasema, "Wallahi, Umkulthum, kizingiti chako sikivuki na maji yako siyanywi mpaka nifukiwe."

"Amina," akasema, akaendelea kuchota.

Basi ikawa hivyo. Tukikutana njiani mimi natazama mitende, yeye anatazama mlima. Harusi tukialikwa sote, mimi huenda asubuhi. Yeye huja jioni. Na lilipokuja kufunguliwa soko la wanawake la Jumatano, yeye akauza bizari na mimi nikauza kofia, mgongo kwa mgongo, na hapana aliyegeuka.

Nadhir akakua. Mtoto huyu alikuwa na mama wa kunyonya hawahesabiki, kwa hiyo dada zake ni mtaa mzima. "Kaka Nadhir, nipandie mtende." "Kaka Nadhir, mkono wa ndoo umeng'oka." Kwa kuwa ni ndugu yao, mama zao wakimwamini nao, basi yeye akienda skuli nyuma yake msafara, kila mmoja kamtwisha mkoba wake, kijana kainama kama punda wa kuni. Siku ya Idi akidaiwa na kila mlango. Vijana wenzake wakimwonea wivu kwa kukaa na wasichana wote wale, naye akiwaonea wivu wao, wenye dada wawili watatu wa kuwasumbua. Marhun akisema, "Huyu akitaka kuoa, itabidi tumtafutie mke Uchina."

Kulikuwa na msichana mmoja tu asiyemwita kaka. Ghalia, binti wa Umkulthum, umri wao mmoja. Alipofika wakati wa kujifunika, mamake akamfunika kwa Nadhir kama kwa mwanamume yeyote wa njiani. Wenzake wako barazani wanasukana, nywele nje, Nadhir anapita katikati yao na ndoo, hapana anayejali. Ghalia akisikia hatua zake tu, huvuta leso akatimka ndani. Mtaa ukasema, "Hiyo ni chuki ya Umkulthum, anamkomoa Bi Mahfoudha." Na mimi nikisema hivyo hivyo.

Na Nadhir je? Kijana kazungukwa na nyuso tele zilizomchosha, akawa anaufikiria ule mmoja anaonyimwa. Alichokiona yeye ni kisigino, kikiingia mlangoni mbio. Kwa kisigino kile akapenda. Msinicheke. Kaniambia mwenyewe.

Alipomaliza skuli akapata kazi ya umeme, kuvuta nyaya majumbani. Mwaka wa themanini na tisa, Ghalia keshamaliza skuli naye, Hamed akamwita aje kutia taa mpya jikoni kwake. Mimi nilisikia, nikanyamaza; kazi ni kazi. Nadhir kafika na ngazi yake, Hamed kamwambia pita, naye kwa mazoea ya kuingia kila nyumba kama yake akapita moja kwa moja. Kabla hajafika jikoni sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Wewe kaka wa mtaa mzima, rudi mlangoni ubishe hodi. Humu ndani huna dada."

Akarudi. Akabisha hodi. Taa akaitia, kisha akasahau ngazi, akarudi kuichukua, kisha akasahau nyundo. Hamed mtu mzima, akamwambia, "Mwanangu, uje na orodha ya vitu vyako, siku ina mwisho."

Asubuhi ya pili tuko kwenye kahawa, mimi, Marhun na yeye. Akasema, "Mama, nataka kuoa."

"Alhamdulillahi. Nizwa iko familia moja ya watu wazuri, mdogo wangu anawajua."

"Si Nizwa, Mama. Ghalia binti Hamed."

Nikaweka birika chini. "Mji huu mkubwa wote, umekosa mwengine?"

"Mtaani petu wengine wote dada zangu. Si wewe mwenyewe ulinizungusha nao?"

Marhun akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mimi nikaondoka nikaenda kuwapa mbuzi majani, maana mbuzi hawacheki. Na huko huko mbele ya mbuzi nikafikiri. Nyumba zote alinyonya, isipokuwa ile niliyogombana nayo. Kama ningekuwa mpole siku ile ya mfereji, ningepeleka mtoto kwa Umkulthum pia, na leo huyo Ghalia angekuwa dada yake kama wengine. Nikaona kumbe kujua kugombana nako kuna faida. Nikarudi nikamwambia Marhun, "Nenda kaseme na Hamed, wanaume kwa wanaume. Mimi kule sivuki. Harusi mtafanya, nami nitapika hapa nyumbani mtachukua."

Hamed akakubali kabla Marhun hajamaliza salamu. Furaha ikaingia nyumbani, Nadhir akapanda darini kutengeneza taa isiyokuwa na kasoro. Ndipo akaja Mahbouba.

Mahbouba ni jirani yangu wa ukuta, mwenyeji wa Ibra babu na babu, mwanamke mcha Mungu ambaye hata paka hamfukuzi bila kumwomba radhi. Naye pia alimnyonyesha Nadhir. Kaingia, kakaa, kahawa kaikataa.

"Mahfoudha, mimi sitaki kwenda mbele ya Mungu na jambo nimelificha. Unakumbuka ile homa yako, ulipolala hujijui?"

"Nakumbuka kulala. Homa siikumbuki."

"Marhun aliniletea mtoto. Na mimi nimekuja kuitwa mazishini upande wa Alaya, sina wa kumwachia. Nikampa Umkulthum. Nilimwacha analia mpaka sauti imemkauka. Niliporudi kanyamaza, kalala mapajani mwake, na mdomo una maziwa."

"Ulimwona ananyonya?"

"Sikuona. Lakini Umkulthum alikuwa mzazi, Ghalia mchanga. Maziwa hayo yatoke wapi?"

Nikahisi mtu kanivua kilemba. Miaka yote hiyo nimeapa mtoto wangu hakugusa kitu cha nyumba ile, kumbe alishalala mapajani mwa mwenyewe. Nikasema kwa nguvu, ili nijisikie, "Na kumfunika bintiye ni nini? Mtu humfunika msichana kwa nduguye?"

"Mtaa wote tunajua kwa nini anamfunika," akasema Mahbouba. "Si kwa ajili yako?"

Maneno yale nilikuwa nikiyasema mimi mwenyewe.

Tukaenda kwa Shekhe Khelef, aliyekuwa akisomesha vijana msikitini petu. Akasikiliza, akazungusha tasbihi yake, akasema, "Kwa kudhani siharamishi, na kwa kudhani sifungishi ndoa. Neno ni la mwanamke mwenyewe. Akisema nimemnyonyesha, hao ni ndugu, tutawapongeza kwa undugu na tutakwenda zetu. Akisema sikumnyonyesha, bismillahi, tupike."

Umkulthum akaulizwa na mumewe. Hakusema. Akaulizwa na Marhun mlangoni. Hakusema. Akaenda shekhe mwenyewe, akamuuliza yeye yuko nyuma ya pazia. Akajibu, "Shekhe, mimi simfichi Mungu kitu. Jawabu ninalo, na nitalitoa. Ila nitampa Mahfoudha, humu ndani mwangu, uso kwa uso."

Marhun kaniletea habari hiyo anachezesha fimbo yake. Nikamwambia, "Basi atakaa nalo, alitie siki."

"Mke wangu, ni hatua kutoka hapa mpaka pale."

"Nimeapa."

"Kiapo kina kafara yake."

"Kafara ni ya aliyekosa. Mimi sikukosa. Sufuria ilikuwa safi."

Marhun alikuwa mtu wa kunyamaza kwa wakati wake. Akanyamaza. Mtaa mzima ukanyamaza pia, na huko ndiko kulikoniudhi, maana nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno. Wale dada zake Nadhir wakija mmoja mmoja kunisalimia, "Salaam aleikum, Mama Mahfoudha," wakikitazama kizingiti changu, wakatazama kule kunakopinda mtaa, wakaondoka. Kuhusu Ghalia nikasikia kwamba kaacha kukimbia. Akisikia hatua za Nadhir anajifunika, anabaki pale pale, kageuka ukutani. Msichana hajui kama akimbie mwanamume au asimame kwa ndugu.

Nadhir mwenyewe hakuniomba. Nilimngoja aniombe, nimkatalie. Siku moja baada ya alasiri kaja na msokoto wake wa waya begani, kauweka chini, kakaa karibu yangu kwenye jamvi.

"Mama, usiende."

"Nani kakwambia nakwenda?"

"Nasema usiende. Uliniombea maziwa mlango kwa mlango, wewe usiyeomba chumvi. Hiyo inatosha. Kama ni Nizwa, nitaoa Nizwa. Niambie siku tu."

Kanibusu kichwa, katwaa waya wake, kaenda zake msikitini.

Mtu akikuomba, nguvu unazo wewe. Utampa, utamnyima, hiari yako. Huyu kanipokonya nguvu zote kwa neno moja, kaniacha na mbuzi. Nikakaa pale mpaka adhana. Kisha nikamwita Marhun nikamwambia amuulize shekhe kafara ni nini hasa.

Shekhe akajibu upesi, nadhani alikuwa nalo jibu ulimini: kiapo cha kumkata jirani si cha kutimizwa, na Mahfoudha alishe masikini kumi, avuke.

Hapo ndipo palipoanza kichekesho. Masikini kumi wa kuwalisha, Ibra, mwaka ule. Nikapika sufuria ya pilau, ile ile ya mferejini, na mbuzi mmoja kaenda ndani yake. Nikatuma kumwita Mzee Thani, aliyekuwa akikaa kibandani na kanzu moja.

"Masikini nani?" akasema. "Mimi napokea pesa ya serikali kila mwezi. Mwambie Mahfoudha nitakula kwa hamu, si kwa umasikini."

Nikatuma kwa mjane mmoja. Naye akatukasirikia, mwanawe yuko jeshini, kamnunulia friji. Nikatuma kwa mwengine, akajibu yeye si masikini, ila anamjua jirani yake mmoja, na jirani yake akatutuma kwake yeye. Kila mtu anataka pilau, hapana anayetaka jina. Marhun kakaa mlangoni anafuta machozi ya kucheka, na harufu imeshatembea mtaa mzima siku ya Jumatatu, si Idi, si maziko, si harusi. Kila pua ikajua Bi Mahfoudha anavunja kiapo.

Mwisho Nadhir akachukua pikapu ya kazini akaenda kule wanakojenga barabara, akarudi na vibarua, Mabangali na Mapakistani, vumbi kuanzia nyusi mpaka vidole. Tukamwambia mmoja anayejua Kiarabu: chakula hiki ni haki ya masikini, je mnakubali? Akawageukia wenziwe, wakasemezana, akasema, "Mama, sisi masikini kabisa, lete." Wakala kwa haki. Nilikuwa nimewahesabu, na aliyezidi nikamlisha pia, isije ikasemwa mbele ya Mungu niliminya.

Kesho yake nikavaa. Nikatia udi nguo zangu, nikajifunga mtandio wa hariri niliotoka nao Unguja, maana mtu akienda kushindwa aende kapambika. Marhun kataka kunisindikiza nikamwambia njia naijua. Njiani milango yote iko wazi na hapana mtu mlangoni, jambo ambalo Sufala halijapata kutokea.

"Hodi."

"Karibu." Sauti ya Umkulthum.

Kizingiti cha Umkulthum kiko juu kidogo kuliko changu. Nikakivuka kwa mguu wa kulia. Alikuwa kaketi kwenye zulia, kanenepa, mvi zimemkaa vizuri. Nilikuwa sijamtazama usoni tangu mfereji. Mbele yake kuna tende, kahawa, na bilauri moja ya maji imejaa.

"Kaa, bibi."

Nikakaa.

"Kunywa."

"Nimekuja kusikia, sikuja kunywa."

"Uliapa viwili, Mahfoudha. Kizingiti na maji. Umevunja kimoja. Nusu ya mtu siikaribishi."

Nikanywa. Maji ya mfereji, yale yale tunayochota sote. Nikayanywa yote, nikaweka bilauri chini kwa kishindo kidogo.

"Haya. Ulimnyonyesha mwanangu au hukumnyonyesha?"

Akanimiminia kahawa kwanza.

"Mahbouba kaniletea mtoto kalia mpaka kabadilika rangi. Mimi nina mtoto wa wiki chache, ziwa limejaa linanitonea nguoni. Kasikia harufu ya maziwa, kageuza uso, anatafuta. Mahfoudha, wallahi nilikuwa hasimu wako wewe, sikuwa hasimu wa mtoto. Nilishafungua kifungo."

Nikaweka kikombe chini, nisikie.

"Kisha nikamtazama Ghalia amelala pale. Nikafikiri, huyu wa Unguja kampeleka mtoto nyumba zote, hakubakisha. Kila msichana hapa ni dada yake. Atakapokuwa mtu mzima ataoa wapi? Yuko mmoja tu aliyebaki, na ni huyu wangu. Nikimpa funda moja, nimemfungia na huu mlango wa mwisho. Nikafunga kifungo. Nikamwita Hamed akakamua mbuzi, tukayachemsha, nikamnywesha kwa kitambaa, tone kwa tone, huku kifua kinaniuma naye ananililia. Hayo ndiyo maziwa aliyoyaona Mahbouba. Hamed yupo, muulize, mbuzi alimpiga teke."

Kutoka ua wa nyuma Hamed akasema, "La gotini. Mpaka leo baridi ikija linanikumbusha." Alikuwa kasimama huko akisikiliza, mzee yule; kumbe alijua siku zote, mkewe kamziba mdomo, na kule kumuuliza kwake kulikuwa mchezo tu.

Nikamgeukia Umkulthum. "Na hukumwambia shekhe. Umetuweka roho juu, umemweka binti yako kageukia ukuta."

"Ningemwambia shekhe, ungeoza mwanao bila kuja. Ungepika kwako wakachukua. Si ndivyo ulivyosema? Mtaa huu hauna siri. Wajukuu wangezaliwa, ungetaka uletewe mlangoni kama mikate. Mimi nilikuwa nataka mkwe mwenzangu, sikutaka mgongo. Mgongo wako ninao kila Jumatano."

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka, nadhani sinia, na mtu akazuia kicheko kwa leso. Nikajua Ghalia yuko pale tangu hodi.

Watu wangependa hapa niseme nilimwangukia Umkulthum nikalia. Sikulia. Nilimtazama tu, nikafikiri yule mwanamke kafunga kifungo, mtoto anamlilia mapajani, kwa ajili ya mwana wa mtu aliyeapa hamjui. Nikachukua tende kutoka sahani yake, nikala, na mbegu nikaishika mkononi sijui niiweke wapi.

"Hata wewe, Umkulthum," nikasema, "siku moja moja Mungu hukujaalia akili."

"Na wewe miguu," akasema. "Na sufuria?"

"Ilikuwa safi."

"Ilikuwa na wali."

"Wali si uchafu, ni chakula."

"Basi ungetuletea sahani, usingetupitishia mferejini."

Hapo tukacheka sote wawili, na kucheka kwangu kulikuwa kwa bahati mbaya. Nilipotoka, milango yote ya mtaa ina vichwa.

Harusi ilikuwa baada ya tende kuvunwa. Harub kaja kutoka Aija na gari la nguru waliokaushwa, na watoto wake wale wa mkeka mmoja, sasa wanaume wenye masharubu. Dada zake Nadhir, mtaa mzima, walimtia hina, wakamwimbia, wakamlipisha kila mmoja zawadi ya dada; kijana alimaliza mshahara wa miezi. Mahbouba alicheza, mcha Mungu yule, kasema ni kwa furaha ya kupunguziwa mzigo. Na Ghalia alipofunuliwa uso, Nadhir kamtazama sana, kisha katazama chini, akasema, "Nilikuwa najua kisigino tu." Ndipo hapo huanza kucheka asifike mwisho.

Mwisho ndio huo, nimefika mimi. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa umeketi na miguu juu, inuka uende kwa mamako leo hii, umuulize umenyonya kwa nani na nani, na majina uyashike kichwani kabla hujaanza kufuata visigino vya watu. Na wewe Shukriya, Ijumaa ukija kula, mpitie bibi yako Umkulthum umlete kwangu. Kaninunia tena kwa sufuria ile ile. Mwambie mimi sendi. Nilishakwenda mwaka ule. Zamu ni yake.